Pua ya Getini

Asubuhi hiyo madereva wa malori ya maziwa walikuta kidude cheupe kimepachikwa ukutani getini. Dereva anapuliza kwenye mrija; kikinusa pombe kinapiga kelele, na ufunguo wa lori hapewi.

Breki, mkongwe wao, akapuliza. Kidude kikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

"Mzee Breki! Hata wewe?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Pombe niliiacha kabla hamjaota meno! Nimekunywa dawa ya kikohozi tu."

Msimamizi, binti mpole, akamletea kikombe cha maji. "Dawa nyingine zina spiriti, baba. Sukutua, upumzike kidogo, tutapima tena."

Breki akakaa kwenye benchi, mawazo yakamrudisha nyuma. Enzi zile kidude kilikuwa mtu: karani mwembamba, mdomo haukosi utani, ambaye kila dereva alimsalimia kwa karibu kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Walimwita Pua. Siku moja Breki, akiwa kijana, alijimwagia marashi ili kufunika ulevi wa usiku.

"Kaka, umenukia kama bwana harusi," Pua akamwambia. "Basi nenda kalale, harusi haina haraka." Ufunguo akaurudisha msumarini.

Breki alinuna, lakini pombe akaiacha. Akawa wa kwanza kufika getini, pumzi safi kama ya mtoto mchanga, apate tu kusimama pale na kuulizwa hali. Wenzake walikuja kushtukia posa imeshapelekwa kwa kina Pua. Wakaoana, wakalea, wakazeeka. Hata Pua alipostaafu, kila jioni alimnusa mumewe mlangoni: "Leo umepita kwa fundi rangi!" Na kweli alikuwa amepita.

Mwaka jana Breki alimzika.

Alipopuliza tena, kidude kikawaka taa ya kijani. Msimamizi akamnyooshea ufunguo, kisha akasita. "Baba, hicho kikohozi kimeanza lini?"

Breki akainua macho kumtazama. Tangu msiba, hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za kifua chake.

"Ni... kitambo sasa, mwanangu."

"Basi leo ukirudi upite zahanati. Kesho nitakuuliza, usinidanganye."

"Sitathubutu," alisema Breki.

Akapanda lori, akafuta macho, akawasha injini. Jioni, kabla ya kuelekea nyumbani, alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya daktari.