Shahidi wa Nne

Jina lenyewe silitaji hapa. Ni la familia yetu, na mwenye mamlaka ya kulitamka mbele ya watu ni shangazi yangu, Ernestine Crocker. Inatosha kujua kwamba lilikuwa jina la bibi yake, kwamba babu yangu Wilfred alilipeleka chuoni miaka kumi na moja iliyopita, na kwamba tangu hapo lilikuwa limechongwa kwenye ubao wa mwerezi juu ya mlango wa bweni lililo kando ya mto.

Mwezi wa Aprili baraza la chuo lilitangaza kwamba bweni hilo litakarabatiwa kwa fedha za familia ya Kessling, watu wa mbao, na kwamba litaitwa Kessling, kisha kistari, kisha jina letu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya majina. Ninachofundisha ni mwenendo wa mito, lakini kila kamati pale chuoni ilitaka mmoja wetu sisi wenyeji wa asili, nasi tulikuwa wachache. Kamati haikuulizwa. Nilipohoji, nilionyeshwa karatasi ya chuo ya siku jina lilipotolewa: familia ya Crocker imetoa jina. Sharti halikuandikwa.

Shangazi alisema sharti lilikuwepo. Aliwahi kuambiwa na babu kwamba jina litakaa peke yake. Lakini hakulisikia likisemwa ukumbini, maana siku ile alikuwa jikoni na wanawake wengine wakichoma samaki wa wageni. Mimi nilikuwa masomoni Saskatchewan. Babu amekufa, na baba yangu pia. Kwetu jambo kama hilo haliwekwi kwenye karatasi. Wanaitwa mashahidi wanne, kila mmoja anapewa sarafu mbele ya watu, na kuanzia hapo kazi yao ni kukumbuka. Watatu tulikuwa tumewazika. Wa nne alikuwa Lorne Modeste.

Kati ya akina Crocker na akina Modeste hapakuwa na salamu tangu mbio za mitumbwi ambazo mtumbwi wao uligonga wetu, au wetu uligonga wao. Babu alimwita kwa sababu hiyohiyo. Ushahidi wa rafiki ni mwepesi, alikuwa akisema. Ukitaka neno lako lidumu, mkabidhi asiyekupenda. Hoja hiyo niliielewa. Lakini siku hizi mtoto wa Modeste alikuwa dereva wa magogo wa kampuni ya Kessling, na hilo babu hakulijua.

Nilimkuta mzee kwenye kibaraza chake akipiga msasa kafi.

"Profesa," alisema bila kuinua kichwa. "Umepotea, au mtumbwi wenu umezama tena?"

"Habari za leo, Mzee Lorne. Shangazi anakuita barazani Alhamisi. Useme ulichokishuhudia."

"Ernestine ananiita? Si ndiye aliyeniambia nikafe?"

"Alisema ukazame."

"Ehee, nikazame. Nilikuwa nimesahau."

Sikupenda kulisikia neno kusahau kinywani mwake. "Siku ile unaikumbuka?"

"Sarafu zenu nilinunulia kahawa. Kahawa mbaya."

"Babu alisema nini hasa?"

Aliliweka kafi chini. "Shahidi hasemei kibarazani kwake. Wilfred aliniita niwe shahidi, hakuniita niwe kasuku wako. Nenda kasome mito."

Nilimpelekea shangazi jibu hilo. Alikuwa akipiga pasi shali yake.

"Afadhali hakukwambia," alisema.

"Na akidanganya? Mwanawe anakula kwa Kessling."

"Lorne ni mkaidi, ni mchoyo, na pale kwenye mbio alitugonga yeye. Lakini alishaitwa."

"Hiyo si hoja, shangazi."

"Corinne, wewe hata supu ungeipima na kipimajoto. Nitolee gari Alhamisi."

Kikao kilikuwa saa nane mchana. Mwenyekiti, Graeme Pettifer, alikuwa mtu wa adabu, na pembeni yake alikaa mwanasheria wa chuo. Modeste alikaa safu ya nyuma, koti limefungwa hadi shingoni. Hakutusalimu.

Pettifer alianza kwa kumhakikishia shangazi kwamba herufi za majina yote mawili zitalingana.

"Ukubwa wa herufi sikuuliza," shangazi alisema. "Mnasema baba yangu alitoa jina bila sharti. Shahidi yupo. Asimame."

Modeste alisimama. Kisha akaanza, na hakuanza na maneno ya babu. Alisema mlango gani ulifunguliwa, nani alikaa kulia na nani kushoto, blanketi alilojitanda msemaji wa shughuli lilikuwa la rangi gani, na kwamba msemaji alikohoa katikati ya jina ikabidi alirudie. Alimtaja baba yangu na shati alilovaa. Shati hilo nalijua. Hapo nilijua hajasahau kitu, na hofu yangu ikabadilika: sasa niliogopa atakachokumbuka.

"Ndipo Wilfred akasema: Jina la mama yangu linaingia katika nyumba hii, likae peke yake."

Shangazi alifumba macho. Pettifer alimtazama mwanasheria. Mimi nilikwishaanza kukusanya karatasi zangu.

"Sijamaliza," Modeste alisema. "Akasema: Siku jina lingine litakapoingia kwa mlango huu, la mama yangu litatoka. Na likitoka asilirudishe mtu, hata mwanangu. Hayo ndiyo niliyoyasikia."

Akakaa.

Mwanasheria alisema kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja haifuti karatasi ya chuo. Pettifer alimzuia kwa mkono, akamnong'oneza, kisha akamgeukia shangazi.

"Bi Crocker, niko tayari kuwaomba akina Kessling jina lao liwekwe ndani, ukutani. Juu ya mlango libaki lenu, peke yake. Nadhani watakubali."

Hilo ndilo tulilokuwa tumelifuata. Nilimgusa shangazi mkono. Hakunitazama.

"Mkataba nao mmeutia saini?" aliuliza.

"Mwezi Machi. Lakini unaweza kurekebishwa."

"Unasema nyumba inaitwaje?"

"Unasema jina lao, kisha lenu. Ila, kama nilivyosema—"

"Mliutia saini wapi?"

Pettifer alisita. "Palepale bwenini. Kulikuwa na hafla ndogo. Jina jipya lilisomwa mbele ya wageni."

"Basi liliingia."

"Shangazi," nilinong'ona, "kubali. Babu hakujua kwamba watarudi nyuma."

"Alisema hata mwanangu. Waliobaki ni nani, Corinne? Ni mimi."

Modeste alikohoa kule nyuma. "Ernestine. Mimi nimesema nilichosikia. Sikusema ufanye nini."

"Ulichosema nimekisikia," shangazi alijibu bila kugeuka. "Nilikuwa natumaini umezeeka."

Mjumbe mmoja alicheka, akaacha alipoona yuko peke yake.

Pettifer alirudia pendekezo lake, safari hii kwa maneno yaliyo wazi zaidi, kama mtu anayedhani hajaeleweka. Alikuwa ameeleweka. Shangazi angesema neno moja tu, angeondoka na ushindi, na hakuna mtu chuoni ambaye angemlaumu. Angejua yeye, na angejua Modeste.

"Lilitoka Machi," alisema. "Hatukuwa tumeambiwa, kwa hiyo hatukuja kulichukua. Tunalichukua leo."

"Kibao kinahitaji fundi na kibali," mwanasheria alisema.

"Kibao ni mbao zenu. Kaeni nacho."

Alijitupia shali begani akatoka. Mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida ya mwezi ule. Tulivuka uwanja hadi bwenini, na wanafunzi waliokuwa wakiingia walitupisha. Shangazi alisimama mbele ya mlango, akainua uso, akasema maneno machache kwa lugha yetu, jina likiwa la kwanza. Sauti ilikuwa ile anayotumia kumwita mtu aliyechelewa kutoka chumbani.

Pettifer alikuwa ametufuata bila koti. "Anasema nini?" aliniuliza.

"Anasema, twende."

Shangazi aligeuka akaanza kutembea kuelekea kwenye gari, polepole, akiacha nafasi ya mtu upande wake wa kushoto. Niliharakisha nimshike mkono upande huo. Modeste alinivuta nyuma kwa mkono wa koti.

"Pita kulia, profesa," alisema, akamfuata shangazi na jina kwa mbali, macho hayabanduki, maana jina linapotoka nalo linahitaji shahidi.