Mchanga wa Karanga na Kisu cha Baba

Baba mdogo Hyacinthe alikitupa kisu cha baba kwenye beseni la spana, akapangusa mikono kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza.

"Hii kisu imekufa, Noella," akasema. "Imekufa na mwenyewe. Siku ya matanga haitakata kitu. Kompresa na kibanda vitaenda kwa Pitchou."

Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa matanga, anayerithi kazi ya marehemu hukata nyama ya kwanza kwa kisu cha marehemu mbele ya watu wote. Kisu kisipokata, wazee ndio wanaoamua kazi iende kwa nani. Na wazee wa kwetu, nikimaanisha wale wanaosikika, ni baba mdogo peke yake.

Baba yangu, Déogratias, alikuwa kwado wa Kavimvira, mziba matairi karibu kabisa na mpaka wa kwenda Bujumbura. Nimeziba naye miaka kumi na mmoja. Pitchou, mtoto wa baba mdogo, ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini hajui hata hewa inaingilia wapi kwenye tairi. Ndiye apewe kibanda! Nilikasirika hadi masikio yakapata moto.

Kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja, cha mfukoni, mpini wake bamba mbili za chuma. Ziwa lilipopanda na kuingia kibandani, sanduku la vyombo lilikaa majini miezi mitatu. Kisu kilitoka kutu tupu, kimeganda, hakifunguki hata kwa koleo.

"Baba, unipatie mpaka siku ya posho," nikamwambia baba mdogo.

"Fanya," akacheka. "Lakini maji ikishamwangika haizoleke, mutoto wetu."

Ilikuwa Jumatatu. Matanga yalikuwa Jumamosi, ndiyo siku ya posho kwetu.

Nilikilaza kisu ndani ya mazutu, yaani dizeli, hadi Jumanne jioni, nikasaga kwa tupa kichwa cha msumari unaoshikilia vipande vyake, nikausukuma nje polepole. Kikaachana vipande vinne: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, springi ya mgongoni na ubapa wa kukatia. Kutu ilikuwa imechimba mashimo madogo madogo kila mahali. Msasa ungepita juu yake tu. Nilihitaji kitu cha kuingia mashimoni, na kwenye simu nilikuwa nimeona watu wanasafisha chuma kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu ya hewa.

Hewa ya kompresa ninayo, nikasema. Nikachukua bomba la kupulizia, nikaliunga na mpira wa kunyonya mchanga kutoka kwenye chupa, na kwenye mdomo wa bomba nikaweka kaure ya buji, plagi kuukuu ya pikipiki, maana kaure hailiki upesi. Nikakata bido, dumu kubwa la plastiki, nikaweka kioo juu na matundu mawili ya kuingiza mikono, matundu nikayavisha mpira wa tairi ili vumbi lisitoke. Vumbi hilo linakula mapafu, kwa hiyo nilivaa barakoa pia.

Nikachota mchanga wa ziwani. Ulikuwa na unyevu. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Pitchou, aliyekuja kuutazama urithi wake, alicheka hadi akashika mbavu.

Mama yangu, Ernestine, hukaanga karanga kwa mchanga na kuziuza mpakani. Macho yangu yakaangukia karai lake: mchanga mkavu, laini, uliochekechwa vizuri. Sikuuliza mtu. Nilijaza chupa, nikaanza na springi, kama kujaribu. Salaala! Kutu ilikimbia, chuma kikabaki na rangi ya majivu, safi. Nilimwimbia Pitchou usoni.

Kesho yake springi ilikuwa na madoa ya kahawia kila upande.

Mama aliigusa, akachovya kidole kwenye mchanga, akaulamba.

"Weye uko na haraka mubaya," akasema. "Karanga naipitishaka mu maji ya chumvi mbele ya kukaanga. Ile mchanga inakunywa chumvi miaka yote!"

Nani mwingine duniani angesafisha kisu kwa chumvi ya karanga? Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa nimeila haraka yangu nzima. Nilijitukana vya kutosha. Ilikuwa Alhamisi.

Tulibeba karai hadi ziwani. Maji ya ziwa letu hayana chumvi. Tuliuosha mchanga ule mara saba, mama akionja kila mara, mpaka akasema, "Basi, haiko tena na kitu." Tukaurudisha jikoni, tukaukaanga peke yake hadi ukateleza kama unga.

Ijumaa nilirusha kila kipande. Lakini kwenye ubavu wa kulia mkono ulisita. Pale baba alikuwa amechora DEO kwa ncha ya msumari, herufi nyembamba ambazo mchanga ungezila mara moja. Nikafanya kazi ya kibanda chetu: nikapasafisha, nikapaka gundi, nikabandika kiraka cha duara, kile cha baiskeli. Mchanga ukigonga mpira unaruka tu. Nilipomaliza kurusha, nikakibandua.

Msumari mpya nilikata kwenye njiti ya gurudumu la baiskeli, nikaugonga kichwa pande zote mbili. Tone la mafuta, kisha jiwe la kunolea. Kisu kikafunguka: ko! Nililia, na sioni aibu kusema.

Jumamosi uani palijaa watu, nyama ya mbuzi ikiwa kwenye karai. Baba mdogo alisimama akaanza hotuba yake kuhusu kisu kilichokufa. Nikakitoa mfukoni, nikamwekea kiganjani.

Alikitazama ubavu wa kushoto. Akakifungua, akakifunga.

"Hapana," akapaza sauti. "Hii haiko kisu ya kaka yangu! Hii iko mupya. Umeinunua ku Bujumbura."

Watu wakaanza kunong'ona. Mama aliinamisha kichwa.

"Ugeuze, baba," nikamwambia.

Akageuza. Katikati ya ile rangi ya majivu palikuwa na duara moja jeusi, kuukuu, kubwa kama kifuniko cha chupa. Kila aliyewahi kupeleka baiskeli kwa baba alilijua umbo hilo. Na ndani yake, herufi tatu.

Baba mdogo alizipitishia kidole.

"Iko ya Deo," akasema mwishowe. "Aliichora miye niko naangalia."

Vigelegele vya mama vilifika hadi forodhani, nadhani. Nikachukua kisu changu, nikakata nyama. Kilipita bila kubembelezwa. Kipande cha kwanza, kwa heshima, nilimpa baba mdogo.

Alitafuna muda mrefu, macho chini. Kisha akanyoosha tena mkono na kuniita jina ambalo miaka yote alimwita baba yangu.

"Kwado," akasema, "unikatie ingine."