Pamba Marufuku

Karatasi yenye orodha ya vifaa ilisema PAMBA MARUFUKU, kwa herufi kubwa, juu kabisa, kabla hata ya tarehe ya safari. Nikaipenda hapo hapo. Nilimsomea wifi yangu, mke wa kaka, ambaye alikuwa amekaa kizingitini anakata kucha za miguu.

"Maana yake hawataki watu wa kujionyesha," akasema. "Mtu asije amepiga pamba kama anakwenda kuposwa. Umepata watu wa saizi yako, wifi."

Nikaamini. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi ile maana nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe.

Mimi ni dobi wa hospitali. Kwa miaka ishirini na sita nimefua mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, kisha nikayapandisha kwa ngazi hadi juu ya paa kuyaanika. Kutoka kwenye kamba zangu milima inaonekana yote, safu nzima. Nimeitazama kila siku ya kazi, katikati ya shuka na shuka, na sijawahi kuikanyaga. Mwaka huu chama cha wapanda milima kilitangaza safari ya siku sita kwa miguu, kuivuka safu hiyo hadi upande wa pili, na kwamba kila mwenye afya anakaribishwa. Nikalipa ada, nikaomba likizo. Msimamizi wangu aliuliza nakwenda kumwona nani huko ng'ambo. Nikamwambia siendi kumwona mtu, nakwenda kutembea. Alinitazama kama nimemwambia nakwenda kula sabuni.

Basi nikajikusanyia nguo zisizo na makuu: fulana tatu za kijivu, suruali ya kaki, sweta zito la mikono mirefu, soksi nene nyeupe. Zote pamba safi, kwa sababu dobi huijua nguo imara akiishika tu.

Ukaguzi wa kwanza ulifanyika kwenye ukumbi wa chama, chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Kila mtu alipanga vitu vyake mezani, na kiongozi akapita. Wanamwita Kamanda, ingawa hajawahi kuwa askari. Ana duka la vifaa vya safari, na kwa bahati njema, ya kwake, kila kilichoandikwa kwenye ile orodha kinapatikana dukani kwake. Alipofika kwangu aliinua fulana moja kwa vidole viwili.

"Mama, hujui kusoma?"

"Najua."

"Orodha inasema nini pale juu?"

"Inasema tusipige pamba. Na mimi sijapiga."

Wakacheka wote. Karani mmoja wa benki alicheka mpaka akavua miwani. Kamanda akanieleza polepole, kwa sauti ya kumwelewesha mtoto, kwamba pamba ni ile inayolimwa shambani. Kwamba inakunywa jasho na mvua, haikauki, na kule juu upepo ukikukuta umevaa pamba iliyolowa, baridi inakuua.

Masikio yaliniwaka moto. Kuchekwa nimezoea, nina wifi. Kilichoniuma ni kwamba ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu aliyeujua uzito wa pamba iliyolowa kunishinda mimi. Nimeubeba kwa ngazi miaka ishirini na sita. Neno tu ndilo lililoniponyoka, na kwa neno hilo wakaniona sijui kitu.

"Ukaguzi wa mwisho ni Jumamosi," akasema Kamanda. "Dukani kuna seti kamili. Ukishindwa, si neno, panda gari la mizigo, tutakukuta kambini kila jioni. Utatusaidia kufua soksi, si ndiyo kazi yako?"

Aliyasema kwa wema, na huo wema ndio ulionikera zaidi. Nilipita dukani kwake nikatazama bei. Kwa koti moja la mvua ningenunua kitanda na godoro lake, na mto wa kulilia juu yake.

"Azima kwa watu," wifi akashauri.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Basi panda gari, miguu ipumzike."

"Maji nimeshayavulia nguo, wifi. Lazima niyaoge."

"Yaoge. Tatizo ni nguo za kuvaa ukitoka."

Kesho yake, kabla ya zamu yangu, nilikwenda mitumbani nikiwa na chupa ya maji na kiberiti. Kuna muuzaji wanamwita Profesa kwa sababu humkosoa kila mteja. Alikuwa ndiyo kwanza anakata kamba za belo la nguo. Aliponiona natoa kiberiti akasimama mbele ya bidhaa zake.

"Mama, umekuja kununua au kunifilisi?"

"Uzi mmoja tu, wa pindoni."

Nikamwonyesha. Uzi wa pamba ukiuwasha unawaka kama karatasi, unanuka karatasi na kuacha majivu. Wa polista unayeyuka na kuwa kidonge kigumu cheusi. Wa sufu unanuka nywele zilizoungua. Na kama hutaki moto, dondosha tone la maji: pamba hulimeza, polista huliacha likateleza. Profesa akasahau kunikosoa. Baada ya muda akawa ananirushia nguo mwenyewe, "Na hii? Na hii je?" mpaka wateja wengine wakadhani tunapiga ramli.

Niliondoka na jezi mbili za mpira, moja ina namba nne mgongoni na tangazo la mafundi bomba kifuani. Nikapata suruali nyeusi ya mhudumu wa hoteli, nyepesi, isiyojikunja. Nikapata koti la mvua la dereva wa pikipiki lenye zipu mbovu, soksi za sufu za mzee fulani aliyekuwa na miguu mikubwa, na sweta la sufu la kuwatosha watu wawili.

"Hilo halikukai," Profesa akasema.

"Litanikaa."

Nililitia kwenye maji ya moto sana nikalisugua kwa sabuni bila huruma. Sufu ikitendwa hivyo hunywea. Kila dobi ameshawahi kuharibu sweta la mtu namna hiyo kwa bahati mbaya, akaomba radhi na kukatwa mshahara. Hili nililiharibu kwa makusudi, na lilitoka dogo, nene, upepo haupiti. Zipu niliitoa kwenye begi bovu. Buti nilikuwa nazo za kazini, zimeshanizoea. Vyote kwa pamoja havikufika bei ya mkono mmoja wa koti la Kamanda.

Jumamosi nikapanga mezani. Karani wa benki akasoma lile tangazo la mafundi bomba kwa sauti, watu wakacheka tena. Kamanda akageuza jezi akitafuta lebo. Profesa huzikata.

"Nitajuaje kama si pamba?"

"Nipe ndoo ya maji," nikasema.

"Tuna watu kumi na wanane wa kukagua, mama."

"Wakague. Mimi naloweka."

Karakana ikanipa ndoo. Nikaizamisha jezi namba nne, nikaikamua, nikaianika kwenye waya nje. Karani alikuwa amenifuata, nadhani ili acheke vizuri, lakini akanipa shati lake jipya, alilonunua kwa Kamanda wiki hiyo hiyo. "Na hili, tuone."

Baada ya nusu saa nikawaita. Jezi ilikuwa kavu, nikaivaa juu ya blauzi mbele yao. Shati la karani lilikuwa bado linadondosha maji pindoni. Nikang'oa uzi mmoja, nikauwasha, nikaupitisha chini ya pua ya Kamanda.

"Zaidi ya nusu ni pamba," nikasema.

"Lebo yake inasema siyo."

"Lebo haijawahi kufua."

Safari hii walicheka, lakini si mimi niliyechekwa. Kamanda alilishika lile shati akaisoma lebo upya, na nilimwona usoni kwamba hakujua. Na yeye alikuwa ameuziwa hivyo hivyo. Akanivuta kando.

"Mama dobi, nakuomba. Nikurudishie ada yako yote. Utukagulie nguo za watu, halafu njiani uwe kwenye gari la mizigo, usimamie kufua na kukausha. Tunahitaji mtu kama wewe."

"Kukagua nawakagulia leo, bure. Njiani sifui hata kitambaa cha pua. Nimefua miaka ishirini na sita, Kamanda. Hapa nimekuja kutembea."

"Na ukishindwa kwenda na wenzako?"

"Nitachelewa. Lakini nitachelewa kwa miguu yangu."

Akaliwekea jina langu alama ya vema.

Sitasema ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza mvua ilitupiga mchana kutwa, na usiku magoti yangu yaliongea lugha nisiyoijua. Nilikuwa wa mwisho kufika kambini, gari la mizigo likiwa limeshazima injini. Lakini nilifika nikiwa mkavu. Karani naye alikuwa mkavu, ndani ya jezi namba saba aliyoifuata mwenyewe kwa Profesa.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tukafika kileleni. Nikageuka nyuma. Mji ulikuwa mdogo wa kufunikwa kwa kiganja, lakini paa la hospitali nililijua. Saa hizo huwa jeupe, kamba zote nane zimejaa. Lilikuwa la kijivu, tupu. Mkono wangu ukajikuta mfukoni unatafuta vibanio vya kuanikia.

"Umeacha nini huko, mama?" Kamanda akauliza.

"Mashuka," nikasema. "Hayajaanikwa."

Akanisubiri. Nikautoa mkono mfukoni.

"Watayaanika wenyewe," nikasema, nikaanza kushuka upande wa pili.