Povu la Bwana Harusi

Asubuhi ya harusi ya mjukuu wangu Turan ulivuma upepo wa moto kutoka upande wa Halab, nikajua povu la kunyolea litakauka.

Wengine waliuona upepo ule wakafikiria vumbi kwenye wali na shela ya bibi harusi. Mimi nilifikiria shavu la Turan. Damu ya mtoto huyu haigandi upesi kama ya watu wengine. Akijikata, inatoka tu, taratibu, kama bomba lisilofungwa sawasawa, na hospitali iko Antakya, mbali kwa lori. Ameirithi kwangu. Ilipita kwa binti yangu Sabahat bila kumdhuru yeye, ikamfikia mwanawe. Kabla ya hapo ilikuwa imempata mwanangu Ekrem. Tulimtahiri asubuhi, tukamzika kesho yake.

Ndiyo maana tangu ndevu zimtoke, Turan hajaguswa na wembe. Mimi humpunguza kwa mkasi wangu wa nyuzi, yeye amekaa kwenye kigoda ananisimulia mambo yake. Lakini kwetu bwana harusi hunyolewa uani mbele ya watu wote, kwa wembe wa kukunja, zumari likilia. Asiyenyolewa ana kasoro, na kasoro hiyo wataitafuta mpaka waipate.

"Tumwambie kinyozi, Fundi Nusret," nilimsihi siku chache kabla.

"Bibi, nakuomba. Nermin anajua, inatosha. Wajomba zake wakisikia watasema binti yao anaolewa na chungu chenye ufa."

"Na ufa ukivuja?"

"Fundi ana mkono mwepesi. Wewe nitengenezee mambo ya povu, basi. Mbona babu ulikuwa unampigia povu kila Ijumaa?"

Ni kweli, marehemu mume wangu nilimpigia povu mpaka mwisho wa uhai wake. Siri yake ni maji na subira. Maji ya kisima chetu yana chokaa, povu lake hujaa mapovu makubwa, linapendeza kwa macho, kisha hewa inatoka na uso unabaki mkavu. Maji ya mvua ndiyo yanayofaa. Unaloweka brashi mpaka ishibe, unaikung'uta, unaizungusha juu ya sabuni ya zeituni polepole, unaongeza maji tone kwa tone. Ukiharakisha unakusanya hewa. Usipoharakisha linakuwa zito na kung'aa kama mtindi, na wembe unateleza juu yake bila kuigusa ngozi.

Kwa hiyo siku ya harusi niliteka maji ya mvua kwenye tangi la mawe, nikayapasha moto, nikayaweka uani ndani ya birika karibu na kiti cha kinyozi, pamoja na brashi na bakuli. Nikapanda kibarazani kwa wanawake.

Wanaume walimleta Turan kwa vigelegele vyetu na ngoma yao. Fundi Nusret alimfunga taulo shingoni, akapiga povu, akampaka. Lilikuwa jingi, jeupe, limejaa mapovu kama ya kufulia.

Wifi yangu Bedia akaninong'oneza kwa furaha, "Nimekusaidia, Nazire. Yale maji yako yalikuwa na jani ndani, nikayamwaga. Nimekujazia mapya ya kisimani."

Alinikamata mkono akiniambia hivyo, na mkono wake ulikuwa bado umelowa. Ningemgombezaje? Alikuwa amefanya wema.

Nusret alipitisha wembe mara moja karibu na sikio, akasimama. Akauinua juu watu wauone.

"Wembe haukati!"

Hiyo ndiyo desturi yetu. Kinyozi husema wembe haukati, ndugu wanamtunza pesa, wembe unakata kidogo, halafu unakwama tena. Kila mtu huipenda sehemu hiyo.

"Asubuhi umekatia nini, mawe?" alipiga kelele Rıza, mjomba wake Nermin.

"Nimekunyoa wewe, ndiyo maana!"

Walicheka. Watu wakawa wanasogea mmoja mmoja kumtunza, bila haraka, wakicheza kwanza, na upepo nao ukawa unakunywa povu usoni pa mtoto wangu. Niliona mng'ao ukiondoka. Niliona kingo zake zikipasuka kama matope ya kiangazi. Turan alinitazama kutoka kule chini akatabasamu, na ngozi ikavuta chini ya povu lililokauka. Nusret alirudisha wembe, nikausikia ukikwaruza. Kuusikia mpaka kibarazani, na zumari linalia! Labda niliusikia moyoni tu.

"Haukati!" akasema tena.

Nikateremka. Sabahat alinishika nguo, midomo imemkauka. "Mama, wapi? Kule ni kwa wanaume."

"Niache, mwanangu."

Nilikwenda kwenye tangi nikateka. Sikuwa na muda wa kuyapasha moto. Nilichukua brashi ya marehemu, iliyokuwa kwenye mtungi wa jikoni, na kipande cha sabuni, nikapiga. Mikono ilitaka kukimbia. Niliizuia. Nilijisemea, tone, Nazire, tone lingine. Uani nilisikia wembe ukikata, ukisimama, ukikata. Kila uliposimama nilishukuru, na kila uliposimama nilijua linazidi kukauka.

Lilipong'aa nilipita katikati ya wanaume na bakuli langu.

"Haya, Bi Nazire kafungua duka la kinyozi!" akasema Rıza.

"Wewe subiri zamu yako. Wewe nitakunyoa kwa ulimi."

Uani kote walicheka, wakanipisha. Nilimfuta Turan lile kavu kwa taulo lenye maji, nikaanza kumpaka langu. Alikuwa amefumba macho. "Baridi, Bibi," akasema kama mtoto. Brashi ilikuwa ikimgongagonga kidevuni, maana vidole vyangu havikutulia.

Nusret aliinama kama anayepokea bakuli. "Mama, unatetemeka."

Nikaendelea kumpaka.

Alinitazama, akamtazama Turan, akatazama ule wembe mkononi mwake. Baba yake Nusret ndiye aliyekuwa akitahiri watoto wa kijiji hiki. Siku ile ya Ekrem Nusret alikuwa kijana, na ndiye aliyekaa kichwani pa mwanangu akimwimbia asiogope. Hatukuwahi kuizungumza siku ile tena, na nyumba ile sikuwahi kuilaumu. Nani alijua?

"Huyu naye?" akauliza, sauti chini kabisa.

Niliinamisha kichwa.

Rangi ilimtoka. Nikadhani ataukunja wembe aondoke, na mambo yote yawe wazi. Badala yake aliupitisha kwenye mkanda wa kunolea, mara nyingi kuliko kawaida, akauinua juu.

"Jamani, sasa unakata!"

Akanyoa bila kusimama. Watu walilalamika kwamba anawanyima raha. "Bi Nazire kaunoa, nifanyeje?" akawajibu, macho hayatoki kwenye ngozi. Povu lilikaa bichi. Wembe ulipita juu yake kimya, shavu hili, shavu lile, juu ya mdomo. Nilisimama pale pale nikiwa nimeshika bakuli, hakuna aliyethubutu kunifukuza. Ikabaki shingo.

Hapo Rıza akasema neno kuhusu usiku wa leo, la wanaume. Turan akacheka, kikoromeo kikaruka.

Niliona tone. Jekundu kwenye weupe, dogo kama mbegu ya komamanga.

Nusret alishalifunika. Kidole gumba chake kilikuwa juu yake, na jiwe la shabu, la kuzuia damu, chini ya kidole, na taulo juu ya vyote.

"Wembe umekwama!" akapaza sauti. "Safari hii umekwama kweli! Bwana harusi simwachii mpaka baba yake Nermin alete kondoo dume!"

Uani ulilipuka kwa vicheko. "Kondoo? Chukua kuku!" akasema mkwe wetu.

"Kuku mpe mpiga zumari. Mimi kondoo."

"Kuku wawili."

"Wana pembe?"

Wakabishana. Mkwe wetu ni mbishi, Mungu ambariki kwa ubishi wake. Walicheza, wakaimba, wakamtukana kinyozi mpaka na mbuzi wake, naye akawajibu kila mmoja, jasho likimtiririka, kidole hakijasogea hata kidogo. Mpiga zumari alichoka akapokewa na mwenzake. Kivuli cha mkomamanga kiliacha miguu ya Turan kikafika ukutani. Turan hakucheka tena. Mkono wake chini ya taulo ulikuwa umeshika ncha ya gauni langu.

Mkwe alipokubali kondoo, Nusret alisema hakusikia vizuri, arudie.

Mwishowe akaniita. "Mama, njoo uangalie kazi yako."

Aliinua kidole. Nilijilazimisha kutazama. Palikuwa na alama nyembamba, imefunga, kavu. Nyuma ya sikio povu langu lilikuwa limebaki kidogo. Nililifuta kwa kidole, lilikuwa bado bichi.

Wanaume walimbeba Turan mabegani wakaenda naye kumchukua Nermin. Nusret alibaki kitini, anajaribu kuukunja wembe. Kidole gumba kilikuwa kimekuwa cheupe na kigumu, hakikubali kupinda.

Nikauchukua mkononi mwake, nikamkunjia.