Unga wa Mzee Mchopa

Katika kijiji kizima cha Ziwani hapakuwa na mtu aliyeyakemea matambiko kama Celestino. Jumapili ambazo padri hakuweza kufika kutoka mjini, yeye katekista ndiye aliyesimama mbele ya watu, na hakumaliza mafundisho bila kuwakumbusha kwamba wafu hawali, hawanywi, wala hawana haja na unga wa mtu. Aliyasema hayo akiyaamini. Ndiyo maana Saidi Mchopa alishtuka kumkuta, asubuhi moja ya Novemba 1969, amepiga magoti kando ya kaburi akimimina unga. Tena kaburi lenyewe lilikuwa la babu yake Saidi.

Saidi alipakana naye mashamba, na alifundisha madrasa pale kijijini. Siku hiyo alikuwa anakwenda kuokota korosho. Akajibanza nyuma ya shina la mkorosho, akategea sikio.

"Shikamoo, Mzee Mchopa," Celestino alikuwa akinong'ona. "Mimi ni yule mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, jirani wa mjukuu wako. Binti yangu Amelia anaolewa Jumamosi ijayo. Babu yangu mimi amelala Mueda, na huko kuna vita, siwezi kuvuka. Nakuomba umpelekee habari. Unga huu nusu wako, nusu wake. Tafadhali usiumalize wote."

Saidi alijikaza, akashindwa. Alicheka mpaka kikapu kikamponyoka.

Celestino aliruka kama mtu aliyekanyaga siafu. "Mwalimu Saidi! Umefika zamani?"

"Tangu kwenye shikamoo."

"Basi umesikia yote."

"Yote. Na Jumapili mke wangu alipita hapo kanisani akakusikia ukipaza sauti kwamba wafu hawali."

"Nilisema, na ni kweli. Hawali."

"Sasa huyu umemletea nini?"

Celestino akajifuta magoti. "Mtoto aolewe, babu asiambiwe? Atajisikiaje?"

"Si umesema hasikii?"

"Hasikii."

"Basi atajisikiaje?"

"Vibaya sana," alisema Celestino. Hakuwa anatania. Babu yake wa Mueda ndiye aliyemlea, na alipokufa yeye alikuwa huku, hakumzika.

Kicheko kikamwisha Saidi. Alichuchumaa karibu na mwenzake. "Ndugu yangu, kwetu sisi hii ni shirki. Anayeombwa ni Mungu peke yake. Na babu mwenyewe hakukosa swala hata moja." Akachota unga kwa ncha za vidole, akaunusa. Uso ukambadilika. "Huu wa nini? Wa mahindi?"

"Wa mahindi."

"Lahaula! Babu hakugusa mahindi maisha yake yote, alisema yanamvimbisha tumbo. Ni mtama tu, tena mweupe. Halafu unanong'ona! Amelazwa kwa ubavu wa kulia, sikio lililo juu ni la kushoto, na hilo lilikuwa bovu tangu ujana wake. Hapo umesemesha mchanga."

Walitazamana. Celestino alianza kutabasamu taratibu.

"Mwalimu," akauliza, "kumbe unayajua haya yote?"

Saidi alikohoa. "Nyanyuka twende nyumbani."

Mwanahawa, mkewe Saidi, alikuwa akifagia uwanja. Saidi akamwomba unga wa mtama kidogo, kibakuli kimoja tu.

"Ule wa kula," akauliza Mwanahawa bila kuinua kichwa, "au ule wa babu?"

Sasa ikawa zamu ya Celestino kucheka. Alicheka akajishika kiuno, na Saidi akajifanya anatafuta kofia yake, nayo iko kichwani.

Walirudi kaburini pamoja. Celestino akamimina unga wa mtama na kueleza upya habari ya harusi. Saidi akaongeza kwa sauti iliyowafukuza kunguru: "Babu! Nusu ni ya mzee wa Mueda! Mimi ni shahidi!" Kisha mmoja akasoma Fatiha, mwingine akafanya ishara ya msalaba, wakaenda kuokota korosho.

Lakini Celestino hakupata raha. Jioni ile alimweleza mkewe Albertina kwamba moyo wake umekaa kotekote: amefurahi kama mtu aliyefikisha salamu, na anaona haya kama mwizi. Albertina akamwambia, "Basi furaha baki nayo, na hiyo haya ipeleke kwa padri."

Ndivyo alivyofanya. Padri Filipo alipofika Alhamisi kwa ajili ya harusi, Celestino alimweleza kila kitu, hata habari ya sikio bovu. Padri aliinamisha kichwa muda mrefu, mabega yakimtikisika kidogo. Kisha akamwamuru akae na waumini Jumapili tatu bila kufundisha.

"Hutarudia?" akauliza.

Celestino hakutaka kumdanganya padri. "Amelia ana mdogo wake, Padri."

Padri akafikiri, akamwongezea Jumapili mbili.

Saidi aliposikia hakukubali kupitwa katika toba. Alikuwa ameshafunga Jumatano na Alhamisi kwa hiari yake, akafunga na Ijumaa. Jumamosi akaja harusini alfajiri na kisu chake, akachinja mbuzi wote ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Amelia alitoka kanisani amevaa gauni jeupe aliloshonewa na shangazi yake mjini, na vigelegele vya Mwanahawa vikawashinda ndugu wote wa bwana harusi.

Saidi alikula sahani tatu za wali. Alipoletewa ya nne alisita, akamgeukia Celestino aliyekaa kando yake, akamuuliza kama mwanafunzi wake.

"Mwalimu, hii si israfu ya chakula?"

"Ni israfu," alisema Celestino, akaisogeza katikati yao. "Sogea tule."