Vijiti vya Mgeni

Chuo kiliniletea Femke, mwanafunzi kutoka Uholanzi, mwanzoni mwa muhula, mvua za Changsha zikiwa hazijui kukoma. Nikaombwa nimlaze, nimlishe, na nisimsemeshe neno lisilo la Kichina mpaka muhula uishe. Nikacheka. Lugha nyingine ningeitoa wapi mimi, mjane mstaafu wa kiwanda cha nyuzi?

Mwalimu wake alimpa jina la Ning, na jengo zima tukamwita hivyo. Uso wake ulikuwa wetu kabisa. Alizaliwa kijiji kimoja nyuma ya Yiyang, enzi zile za sheria ya mtoto mmoja, watu wakitaka huyo mmoja awe wa kiume. Akaachwa kwenye lango la hospitali, na Waholanzi wakamchukua. Ndiyo maana siku ya kwanza sokoni muuza tofu, ile jibini ya soya, alimsemesha haraka haraka, naye akabaki kakodoa macho.

"Huyu mtoto ana kasoro kichwani?" yule mwanamke akaniuliza.

"Kasoro unayo wewe," nikamjibu, na tofu yake nikaiacha pale pale.

Ning alikuja kwa sababu moja tu. Vipimo vya damu vilikuwa vimempata mama yake mzazi, Peng Cuilian. Kupitia kwa mtu wa kati, Cuilian alikubali waonane mara moja, kwa chakula cha mchana mwishoni mwa muhula, mume wake akiwa kazini Guangdong. Huyo mume ndiye aliyembeba mtoto kwenda kumwacha langoni, na tangu siku ile hakutaka jambo hilo litajwe nyumbani kwake.

Mkalimani, Ning alimkataa. "Nataka nimsikie mwenyewe, Shangazi," aliniambia. "Na yeye anisikie mimi."

Basi akasoma kama mtu anayefukuzwa. Mwalimu, kijana mmoja mwenye miwani mikubwa na majigambo, alimjaza adabu zote za vitabuni: pokea kwa mikono miwili, kataa kwanza ndipo ukubali, shukuru kwa kila kitu, mwanamke wa rika la mama yako mwite shangazi. Nikimpakulia wali, anashukuru. Nikimpa kijiko, anashukuru.

"Unamshukuru nani hapa?" nikafoka siku moja. "Ndani ya nyumba watu hawashukuriani hivyo. Umenifanya mwenye hoteli!"

Akacheka, akaomba radhi, halafu akanishukuru kwa kumsahihisha. Nikanyoosha mikono. Hata asubuhi akienda darasani alisimama mlangoni kama anangoja kitu. Nikamwambia mtu wa nyumbani hasindikizwi, avute tu mlango aende zake, mimi nina mboga za kuchambua.

Siku ilipofika aliniomba niende naye. Tuliteremka kwenye basi barabara kuu, tukafuata kijia katikati ya mashamba ya mpunga. Cuilian alikuwa amesimama kizingitini, mwanamke mdogo wa umbo, nywele amezichana kwa maji. Masikio yake yalikuwa yale yale ya Ning. Harufu ya nyama ya moshi na pilipili ilitoka mpaka uani, ukajua mtu amepika tangu alfajiri.

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anangoja kinywa cha mwenzake.

Ning akainama, akatoa kopo la biskuti za kwao kwa mikono miwili. "Shikamoo, Shangazi. Samahani kwa kukusumbua."

Shangazi! Jina analoniita mimi, jina analomwita hata yule mpumbavu wa tofu. Uso wa Cuilian ulinywea, kisha ukajipanga upya.

"Marahaba. Usumbufu gani tena?" akasema. "Ingieni, ingieni."

Mezani, Cuilian alichagua kipande kizuri kuliko vyote, chenye mafuta yake, akakiinua kwa vijiti vyake mwenyewe alivyokuwa ametoka kulia chakula, akakipeleka kwenye bakuli la Ning. Hivyo ndivyo mama anavyomlisha mwanawe, na hakuna anayehitaji kuelezwa.

Ning akafunika bakuli kwa kiganja. "Hapana, hapana, Shangazi, kula wewe. Asante sana. Usijisumbue."

Matamshi safi, mwalimu angepiga makofi. Nikampiga teke chini ya meza. Akanitazama, akadhani hajakataa vya kutosha, akakataa tena.

Cuilian akakila kile kipande yeye mwenyewe, taratibu. Akaenda jikoni, akarudi na jozi ya vijiti visivyotumika, akaviweka kando ya sahani. Tangu hapo alimpakulia Ning kwa vijiti vile, kama anavyopakuliwa mgeni.

Nikasingizia maji ya moto nikamfuata jikoni. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Usilichukulie hivyo, mdogo wangu," nikamwambia. "Ni vitabu. Wamemfundisha adabu za ugenini, nyingine hazijui."

"Wamemfundisha vizuri."

"Basi mwite wewe. Mwite mwanangu, uone."

"Kwa mdomo gani, dada? Siku anabebwa nilikuwa kitandani pale, sikupiga hata kelele." Akasugua. "Nilijisemea, akiniita mama, hata mara moja tu, nampigia simu baba yake hapo hapo, liwalo na liwe. Hakuniita. Ana haki yake."

"Ngoja nimwambie."

Akanidaka mkono, povu likanilowesha mpaka kwenye kiwiko. "Ukimwambia, ataniita kwa sababu ameambiwa. Neno la kuombewa silitaki. Niapie."

Nikaapa, na mpaka leo nakichukia kiapo kile.

Tulipoaga, moyoni nikaomba jambo moja: abaki pale pale na vyombo vyake, atuambie tuvute mlango. Cuilian akavua aproni. Akauchukua mkoba wa Ning, akatembea nasi uani, akatembea nasi mashambani, akatufikisha barabara kuu na kusimama nasi mpaka basi likaja. "Karibu tena ukipata nafasi," akasema, maneno anayoambiwa hata mkaguzi wa umeme. Akapunga mikono yote miwili mpaka kona ikamficha.

Ning alikuwa ameganda dirishani, analia na kucheka kwa pamoja.

"Shangazi, umemwona? Amenisindikiza mpaka barabarani! Wewe hata mlangoni hujawahi kunitoa."

"Nimemwona."

"Mara ijayo nitamwita mama. Mwalimu alisema usijipe nafasi kabla mkubwa hajakuruhusu. Nilikuwa nangoja aniruhusu."

Nikajifanya natafuta leso. Simu yangu ikalia mkobani mwangu. Alikuwa yule mtu wa kati, ameandika kwamba Cuilian anashukuru sana, mgeni ni binti mwenye adabu zake, ila anaomba asije tena wala asimtafute.

Pembeni yangu Ning alikuwa ameegemea kioo, analisema lile neno kwa sauti ya chini, halimridhishi, analirudia. Nikaizima simu, nikamwacha ajizoeze.