Traversi Nne kwa Siku

Sifuri. Ndicho walichoandika juu ya gare ya Kolwezi, stesheni yetu ya treni: Machi 1993 sifuri, Aprili sifuri, Mei sifuri. Na mwenye kuandika amekaa mbele yangu na shati yake nyeupe, ananiambia, "Tata Mukalay, tusifanye mambo kuwa magumu."

Mambo magumu! Mi shule niliishia mwaka wa nne, lakini sifuri naijua. Sifuri maana yake hakukuwa na kitu. Hakuna mtu, hakuna moto, hakuna sufuria.

Wao ndio walioniita. Padri alisoma tangazo kanisani: kila aliyefanya kazi zamani kwenye mgodi, kwenye umeme au kwenye reli, na bado ana karatasi za kazi, azilete kwenye biro, ofisi mpya iliyo nyuma ya posta. Nikaenda na zangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamkuta huyo Henri, aliyetumwa kutoka Lubumbashi kuongoza kazi, na binti mmoja jina lake Kanku, anayeingiza hesabu kwenye ordinateri, yaani kompyuta.

Henri alinieleza vizuri, hilo sitamnyima. Wameikata dunia nzima kwa miraba kama daftari la hesabu. Katika kila mraba wanaandika watu walitoa moshi kiasi gani, mwezi kwa mwezi, tangu enzi za Wabelgiji: moshi wa matanuru, wa treni, wa makaa, wa jikoni. Miraba yote inapelekwa Ulaya, huko mashine kubwa inaisoma na kusema joto hili la leo lilitoka wapi na lini. Kwa upande wetu wa shaba, kutoka Tenke mpaka Dilolo, miraba ni midogo, kilomita moja kwa kilomita moja. Faili ya miaka ya tisini ilikuwa inafungwa siku hiyohiyo, saa kumi na moja. Ikishafungwa, hakuna wa kuigusa tena.

Nikasema, "Nionyeshe gare."

Kanku akanionyesha. Ndipo nikaziona sifuri zangu tatu.

"Batu ya mwaka ule mulibaweka wapi?" nikauliza.

"Ku manyumba yabo, tata," Henri akajibu. "Tulipata rejista ya nyumba za kampuni. Kila famili iko na namba ya nyumba. Na nyumba zile zilikuwa na umeme wa bwawa la Nzilo, batu balikuwa banapika na resho, jiko ya umeme. Kwa hiyo moshi haiko. Na ku reli hakuna mutu aliandikwa kuishi kule. Ni mantiki."

Mantiki. Basi ndani ya ordinateri yake, mama mkwe wangu Mushiya alikuwa bado nyumbani kwake mwezi wa Aprili, anasonga bukari juu ya resho, pazia inapepea dirishani. Kumbe dirisha lenyewe lilikuwa limeng'olewa, na Mushiya alikuwa amelala juu ya kokoto za reli pamoja na maelfu ya Wakasai wenzake, watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa mjini. Rejista haikubadilishwa kwa sababu bakubwa, wenye serikali, hawakutaka karatasi yoyote iseme kuna mtu amefukuzwa. Redioni walisema, watu wanasafiri kwa hiari yao. Kwa hiari! Mtu anasafiri kwa hiari na jeraha la panga kichwani?

"We ulikuwa wapi mwaka ule?" nikamuuliza Henri.

"Ku Lubumbashi. Nilikuwa shule ya primeri."

"Basi nyamaza kidogo."

Kanku akainamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Nikawaeleza. Mi ni mtu wa Katanga, nimezaliwa Kabongo. Mke wangu Tshibola alikuwa Mkasai, lakini Kasai yenyewe hakuijua. Baba yake aliletwa na Wabelgiji kuchimba shaba, na yeye alizaliwa hapahapa Kolwezi. Vijana waliochochewa na bakubwa walipokuja na nyimbo zao za kufukuza, wakiwaita Wakasai "bilulu", yaani wadudu, kwangu walipita bila kugusa mlango. Walikwenda kwa Mushiya. Tshibola akaanza kufunga mizigo.

"Unaenda wapi?" nikamwambia. "We ni bibi ya Mukatanga. Hakuna mutu atakugusa."

"Mama yangu analala juu ya mawe, mi nilale juu ya kitanda? Ukatanga wako baki nao. Usiku ujifunike nao, uone kama unapasha."

Akaenda. Mi nikabaki kulinda nyumba na kazi. Niliwaza, ni siku tatu, treni itakuja. Wiki kumi na mbili treni haikuja. Bakubwa walipata mafuta ya gasoil ya kusafirisha vijana na nyimbo zao kila kona ya mji, lakini ya treni hawakupata. Mvua ya Machi iliwanyeshea, na Mei ikaja na baridi yake. Dispensari zilifungwa, maana wauguzi wengi wenyewe walikuwa Wakasai, wako gare wanangoja treni kama wengine.

Kazi yangu ilikuwa hapohapo, kwenye yadi ya reli. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mlima wa traversi, zile mbao nzito zinazolala chini ya reli, za zamani, zilizong'olewa njia ilipotengenezwa upya. Ufunguo wa geti niliushika mimi. Wiki ya kwanza watu wa gare walichoma vijiti, wiki ya pili milango na viti walivyobeba. Kisha vikaisha. Tshibola akanifuata getini, kitambaa kimelowa kichwani.

"Batoto bananyeshewa kule," akasema, "na weye unalinda mbao zilizokufa."

Nikafungua geti.

Shefu wangu pale yadi, Stany, alijua kuna zinazoibiwa, maana moshi wa traversi haufichiki. Mbao zile zilinyweshwa mafuta meusi ili mchwa wasizile, zikiwaka moshi wake ni mzito, unanata mpaka kwenye meno. Stany hakutoka bironi. Aliwaogopa wale watu. Akanipa karatasi za nakala mbili. "Kila siku andika traversi zilizoibiwa ni ngapi, na chini yake uandike: wezi ni bilulu. Siku moja batalipa."

Nikaandika. Mkono huu ndio ulioandika. Karatasi sabini na moja, na nakala yangu ya kila moja nikaiweka. Kila siku: traversi nne.

Henri alipozitoa kwenye mfuko alisimama. "Tata! Hii ni zahabu! Tarehe iko, hesabu iko, kashe, muhuri ya reli, iko. Kanku, toa ile sifuri. Weka traversi nne kwa siku, kila moja kilo sabini."

Kanku akabonyeza. Kwenye mraba wa gare ikatokea sifuri, nukta, sifuri, sifuri.

"Ni nini ile?" nikauliza.

"Moshi imeingia, tata, lakini ni kidogo," Henri akasema. "Tunapima karboni ya moshi tu, kwa maelfu ya tani, na mashine inaandika namba mbili tu nyuma ya nukta. Traversi nne haifike. Lakini usiwe na wasiwasi, karatasi zako tutazitaja kwenye ripoti, na jina lako."

"Sitaki jina! Traversi hazikuwa ine!"

Wakaniangalia wote wawili.

"Zilikuwa makumi tano," nikasema. "Siku ya mvua makumi sita. Mi niliandika ine juu Stany asilete basoda na bunduki zabo. Angesoma makumi tano, bangepigwa risasi pale pale. Mlima ulipoisha akaniuliza, ine kwa siku, na mlima mzima umeenda wapi? Nikamwambia, mchwa, shefu."

Kanku akacheka kwa sauti. "Mchwa bakule traversi!"

"Alinijua niko mujinga, akaamini."

Henri hakucheka. Alikaa, akavua miwani. "Tata, uko na karatasi ya makumi tano?"

"Nani angeandika karatasi ya makumi tano? We unasikia minasema nini?"

"Ninasikia. Lakini siwezi kuandika kichwa cha mutu. Kama ulidanganya kwenye karatasi siku ile, nitajuaje leo haudanganye? Tuache ine. Ine iko na kashe."

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikio yakalia. Maana ndivyo walivyo. Stany aliitaka karatasi ili awaite watu wezi, ikapokelewa bila swali. Bakubwa waliitaka rejista iseme hakuna aliyefukuzwa, ikapokelewa. Uongo wenye kashe unaingia kwa mlango mkubwa, na mtu aliyekuwapo anaambiwa ni kichwa chake tu.

"Ni mi nilifungua geti," nikasema. Sikuwa nimelisema kwa mtu tangu siku ile. "Ulize vizuri. Traversi zile hazikuibiwa, mi nilizitoa. Na bibi yangu alipikia juu yake wiki tisa, akalala pembeni ya ule moshi wa mafuta wiki tisa, akaanza kukohoa kitu cheusi, akakufa. Unafikiri mutu anajizulia kitu kama kile? Nitapata nini? Ule moshi ulimaliza kifua cha mutu, na we unaniambia haufike!"

Nje pikipiki zilikuwa zinapita. Sikuwaambia yote. Sikuwaambia kwamba tulipomzika, Mushiya alinishika mkono na kusema, "Asante ya moto, mukwe," na kwamba wiki iliyofuata treni ilikuja, akapanda bila kuniaga. Mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru au ananihukumu.

Kanku ndiye aliyesema. "Shefu, sifuri hatuwezi kuacha."

"Juu ya nini?"

"Karatasi zinasema moto ulikuwako. Hata moja tu, si sifuri. Na ine hatuwezi, mwenye kuandika anakataa maandishi yake. Na makumi tano haina karatasi. Inabaki shimo."

"Shimo ni nini?" nikauliza.

"Tisa mara ine, na alama ya kutoa mbele, tata. Mashine ikiona hivyo inaelewa: hapa hatujue. Sifuri inasema hakukuwa na kitu. Shimo inasema kulikuwa na kitu, hatujakipima."

Henri akashika kichwa. "Kanku! Mwaka muzima sijatuma hata shimo moja! Batalirudisha faili, bataniuliza. Ao batalijaza na wastani ya miraba ya jirani."

"Bakuulize," nikasema. "Hiyo ndiyo minataka. Bakuulize mpaka uchoke."

"Tata, we haujui hawa batu."

"Hawa siwajui. Wa hapa ninawajua."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Henri alizunguka biro mara mbili, akatazama karatasi zangu tena, akazipima mkononi kama anayetaka kununua nyama. Mwishowe akaniambia kama ninataka shimo, lazima niandike kwenye kila karatasi kwamba hesabu yake si kweli, na niweke sahihi. Bila hivyo, mkaguzi ataziona na kuuliza kwa nini ile nne haikuingizwa. Na kwenye faili kuna nafasi ya sababu, maneno machache tu. Akasogea kwenye ordinateri, akaandika mwenyewe: data haikupatikana.

"Futa," nikasema.

"Tata..."

"Kitu kisichopatikana ni kuku iliyopotea. Andika: watu walifukuzwa nyumbani, wakapikia gare."

"Walifukuzwa, hapana. Ile faili inapita kwanza kwa wakubwa wa provensi kabla ya Ulaya. Ile neno ni politiki. Tuandike walihama."

"Bilulu ndio banahama! Nyuki banahama! Mama mukwe yangu alihama na panga ku kichwa?"

"Tuandike waliondoka, basi. Waliondoka ni neno ya kati."

"Ya kati ya nini na nini?"

"Tata, niko na batoto watatu! Kazi hii wakinitoa..."

"Na mi nilikuwa na kazi! Ni juu ya ile kazi nilibaki ku nyumba, na Tshibola akalala inje!"

Tulikuwa tumesimama, pua kwa pua, mate yananitoka, sioni vizuri. Ndipo tukasikia Kanku anasema, si kwa nguvu, "Imeenda."

"Nini imeenda?" Henri akageuka.

"Faili. Nimeituma. Na neno walifukuzwa ndani."

Kwenye kioo mraba wa gare ulikuwa hauna rangi tena, kati ya miraba mingine yenye rangi. Henri alikaa chini. Alimtazama Kanku, nikadhani atamfukuza palepale. Akasema tu, "Mama yako alikuwa kule?"

"Bibi yangu, mama ya baba yangu," Kanku akajibu. "Mi nilizaliwa Mwene-Ditu, ku Kasai."

Henri akafungua droo, akanitupia kalamu. "Sahihi, tata. Zote sabini na moja. Nataka kuzipiga picha leo, kabla hawajanipigia simu."

Nikakaa mezani. Mkono wangu ni mzito kwenye kuandika, na macho yamechoka. Kila karatasi: UONGO, kisha Mukalay, kisha tarehe. Nilipofika ya kumi Henri alitazama saa. Nilipofika ya ishirini akasema, "Tata, zingine kesho?"

"Ulisema leo."

Kanku akaniletea maji. Machi ikaisha, Aprili ikaisha. Nikafika karatasi ya tarehe kumi na tisa Mei. Siku ile Tshibola alikufa saa nne asubuhi juu ya mkeka, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake, na saa kumi jioni mi nilirudi yadi, nikachukua kalamu ya reli, nikaandika kama kila siku: traversi nne, wezi ni bilulu. Mwandiko umenyooka. Haukutetemeka hata kidogo.

Niliandika UONGO juu yake kwa herufi kubwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi, nikachukua ya tarehe ishirini.